Krosi mpya ya propela: sindano imelala ndani, muuzaji ananiambia sijui kufunga

Krosi mpya kabisa (kile kiungo cha msalaba chenye vikombe vinne kwenye propela, shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma), ndiyo kwanza inatoka kwenye boksi, halafu ndani ya kikombe kimoja sindano, vile vichuma vyembamba vya beringi, imelala! Mwenye pikipiki ya magurudumu matatu ya propela (wa cheni hii haiwahusu) anajua balaa lake. Kikombe kinaingia kwenye yoki (uma wa chuma unaoshika krosi) vizuri, kinafika mahali kinagoma, na klipu ya kukizuia kisitoke inakosa mfereji wake. Ukilazimisha kwa nyundo unavunja sindano, au unapanua masikio ya yoki, na hapo unatafuta propela nzima.

Sikugonga. Nilikitoa kwa jiriwa na soketi kama kilivyoingia, nikakiangalia kwenye mwanga. Sindano zimesimama kuzunguka ukuta, pengo moja, na yenye pengo lake imejilaza chini kabisa, inang'aa kwa yale mafuta mepesi ya kuzuia kutu. Grisi hamna. Sindano zile kinachozishika zisidondoke kabla ya kufungwa ni grisi, sasa ukivileta vikombe vikavu, kutikisika kidogo tu njiani kunatosha. Aliyefungasha hilo alipaswa kulijua.

Nikampigia muuzaji, kwa adabu zote. Akanijibu, "Kaka, hiyo ni kazi ya fundi. Nyie mnaojifungia nyumbani ndio mnaharibu vifaa halafu mnatusumbua." Nikamwambia picha ninazo. Akasema ana wateja, akakata.

Eti sijui kufunga! Kabla ya kuchomoa shafti nilipiga alama ya rangi kwenye yoki na kwenye flanji ya difu (gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu), na nyingine pale meno ya shafti yanapoingiliana. Krosi ikifanya kazi kwenye pembe, shafti haizunguki kwa mwendo sawa: kila mzunguko inaongeza kasi mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayosawazisha, na inafanya hivyo iwapo tu yoki mbili za shafti zimekaa kwenye mstari mmoja. Ukirudisha meno yamepishana, mtetemo utausikia mpaka kwenye kiti, utaanza kufungua difu isiyo na kosa. Yeye muuzaji sidhani kama analijua hilo, lakini mdomo anao.

Basi nikazitoa sindano zote za vikombe vyote, nikaziosha, nikazipanga upya moja moja juu ya grisi nzito ya lithiamu. Klipu zikaingia kwa mlio ule mkavu unaoutaka. Na hapa lazima niseme kweli: ule mgongano wa chuma, "kong!", kila nikitoka gia ya mbele kwenda rivasi, umekwisha. Mlimani na mzigo, kimya. Nilikuwa nimeshajiandaa kuipa nyota moja, lakini chuma chenyewe ni kizuri, kimenyooka, hakichezi hata kidogo. Tatu inastahili. Nne, pengine.

Ila ile nipo ya grisi, kile kidude cha kusukumia grisi ndani! Imewekwa katikati ya msalaba, inatazama ndani ya yoki. Mdomo wa pampu ulionyooka haufiki. Inabidi uweke gia huru, uzibe gurudumu la mbele lisitembee, unyanyue nyuma juu ya stendi, uzungushe propela kwa mkono mpaka nipo ichungulie, kisha upate mdomo uliopinda. Nilisukuma grisi mpya ikatoka kwenye sili za vikombe vitatu. Cha nne kikawa kigumu kama kimezibwa, mpaka nilipokilegeza kidogo ndipo kikatema. Kikombe chenyewe ni kilekile cha sindano iliyolala. Ningefunga bila kuangalia, kingekauka, kingetoa ule unga mwekundu wa kutu, na lawama ingekuwa yangu.

Kwa hiyo nashusha: nyota mbili, na zote ni za chuma. Muuzaji hana hata moja. Ukinunua kwake, fungua vikombe vyote vinne hapohapo mbele yake kabla hujatoa hela.