Wamenipa kamera, wakaninyang'anya redio

Mimi ni fundi cherehani, Tandika. Hilo lijulikane kwanza, maana wengi wanaoisifu simu hii kazi zao ni za kukaa na kuishika. Mimi mikono yote miwili iko kwenye kitambaa kutwa nzima, mguu kwenye pedeli, kilichobaki huru ni masikio. Na masikio hayo yamelishwa miaka minne na toleo la zamani la simu hii hii: nachomeka hedifoni za waya, nafungua redio, TBC Taifa asubuhi, muziki mchana, mpira jioni. Bila bando, bila senti tano.

Toleo jipya lilipotoka nikavunja kibubu. Jina ni lile lile, wamebadilisha namba tu, nikajua nimenunua simu yangu iliyoongezwa akili. Nafika kibandani, nashika waya wangu, naigeuza simu juu, chini, ubavuni. Hamna pa kuchomeka. Kuna tundu la chaja, basi. Programu ya redio nayo haimo. Fundi simu wa jirani ndiye aliyenieleza, si muuzaji, kwamba ule waya wa hedifoni ndio uliokuwa antena ya redio. Apple walipoliondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016 huku kwetu tuliona ni mambo ya matajiri, hayatuhusu. Yamefika Tandika.

Nikarudi Kariakoo kesho yake, au keshokutwa, sikumbuki, nilikuwa naona nyekundu tu. Kijana ambaye siku ya kununua alikuwa "dada karibu, dada kaa, dada soda gani", safari hii hata macho hakuinua. Namweleza, yeye anachati. Nilipomaliza akasema: "Bimkubwa, redio ya nini karne hii? Sikiliza mtandaoni." Mwenzake akacheka.

Bimkubwa! Nina miaka 38. Juzi nilikuwa dada, hela imeshaingia kwenye droo, nimeshazeeka. Nikaomba wanibadilishie nichukue hata ya bei ndogo. Akanionyesha kwa kidole maandishi ya chini ya risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Kisha, bila haya, akaniuzia adapta ya kuchomekea waya wa hedifoni kwenye tundu la chaja. Nami, bila akili, nikanunua. Nyimbo inapiga. Redio ng'o. (Hedifoni zisizo na waya msinishauri. Nilizinunua, kimoja kikadondokea kwenye vipande vya vitambaa, mwanafunzi wangu akafagia.)

Haya, mtandaoni. Siku ya mechi ya watani nikajiunga bando, nikafungua matangazo kwa intaneti, simu nikaisimamisha juu ya cherehani. Jirani yangu muuza mkaa ana kiredio cha betri, mfuniko umefungwa kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Kipindi cha pili, kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja, mtangazaji hana hata haraka, mara kwa muuza mkaa nasikia watu wanaruka. Nimekaa na simu ya bei ya cherehani mbili za mtumba, nasubiri goli ambalo mtaa mzima umeshalishangilia! Nilipowaona waliovaa jezi za wenzetu ndio wanaokumbatiana, nikajua. Hata kuumia nimeumia kwa kuchelewa. Dakika chache baadaye ikaingia meseji: bando limekwisha.

Sasa nisiwe mnafiki. Kamera. Ile ya zamani kitenge chekundu ilikitoa rangi ya chungwa, wateja wa mikoani wakipokea nguo wananigombeza mimi. Hii inatoa rangi ilivyo, hata jioni chini ya taa. Dada mmoja wa Tunduma aliagiza magauni matatu kwa kuona picha tu, na yalipofika hakuniuliza neno. Chaji nayo naweka leo, kesho naruka. Kwa hiyo kama unauza kwa picha, nunua, wala usijishauri sana.

Hapana, jishauri. Kila nikiikumbuka ile bimkubwa natamani kufuta hapo juu. Mtu anakupa jicho zuri, huku anakuziba sikio, halafu anakuuliza sikio la nini.

Na kuna la nyumbani. Mama yangu yuko kijijini, Korogwe, nilimwahidi simu yangu ya zamani nikipata mpya. Mpaka leo imo juu ya cherehani, kioo kimepasuka, waya umening'inia, inanipigia redio. Wiki iliyopita kaniuliza tena. Nikamwambia, mama vumilia kidogo, naitumia kusikilizia redio.

"Kwani hiyo mpya haishiki redio, mwanangu?"

Nikamwambia simsikii vizuri, mtandao unasumbua, nitampigia.