Ripita iliyotumika: soma kwanza kibandiko cha kipokezi

Ripita ya kwanza (mtambo wa redio unaopokea mawimbi na kuyarusha tena ili yafike mbali) niliyonunua ikiwa imetumika ilifika nzima na safi, na tulipoiunganisha na mzigo bandia, kifaa kinachokaa mahali pa antena wakati wa majaribio, ilitoa wati 25 bila kutetereka. Muuzaji alikuwa ameandika kwamba imejaribiwa, na kwa upande wa kurusha mawimbi hakusema uongo. Tulipoipandisha mlimani ndipo tulipogundua kwamba kila mtu anaisikia, ila yenyewe haimsikii mtu isipokuwa aliyesimama karibu na mnara. Tuliilaumu antena, tukabadilisha kebo, tukaipima dupleksa (kichujio kinachowezesha kurusha na kusikiliza kwa antena moja) mara tatu, na wiki mbili zikapita kabla sijafungua kasha na kusoma kibandiko kidogo kilichokuwa juu ya moduli ya kipokezi: MHz 440 hadi 470. Sisi tulitaka kisikilize MHz 431.

Vipimo vilieleza yaliyobaki. Kipokezi kizuri cha redio za kibiashara hufikia SINAD (kipimo cha uwazi wa sauti dhidi ya kelele) ya desibeli 12 kwa mawimbi ya takriban mikrovolti 0.3, nacho chetu kilihitaji mikrovolti 4. Tofauti hiyo ni desibeli 22 na nusu, yaani mtu mwenye redio ya mkononi ya wati 5 alisikika kana kwamba anarusha miliwati 28 tu. Sintesaiza, yaani saketi inayozalisha masafa, ilikubali kuteremka hadi masafa tuliyoyataka, na upande wa kurusha haukuwa na shida, lakini vichujio vilivyo mlangoni mwa kipokezi vilizuia yale yale tuliyotaka kuyasikia.

Kwa sababu hiyo sitaipanga mitambo kwa wati, uzito wala umri. Ripita zinazoachwa na kampuni za teksi, viwanda na vikosi vya zimamoto vinapohamia mifumo mipya huwa na nguvu ya kutosha kwa kazi yetu ya redio ya ridhaa, isiyo ya biashara. Hapa nazipanga kwa swali moja: je, kipokezi kitasikia katika bendi yetu, na je, mnunuzi anaweza kulijua hilo kabla ya kulipa? Katika Kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), yenye Ulaya na Afrika, bendi zetu ni MHz 144 hadi 146 na 430 hadi 440, na Marekani ni 144 hadi 148 na 420 hadi 450. Watengenezaji walilenga zaidi wateja walio juu ya 150 na juu ya 450, kwa hiyo sisi daima tuko ukingoni mwa kile walichokikusudia, na ukingoni ndiko vichujio vinakochoka.

Nafasi ya kwanza naipa Tait TB8100 ya Nyuzilandi, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii kuliko nyingine zote. Kipokezi na sehemu inayozalisha mawimbi ya kurushwa vimo ndani ya moduli moja, ambayo Tait huiita risaita, huku kikuza nguvu cha wati 5, 50 au 100 kikiwa moduli ya pekee. Faida yake kwa mnunuzi ni kubwa: msimbo mmoja wa bendi unahusu kusikia na kurusha kwa pamoja. Risaita ya H1 inafanya kazi kati ya MHz 400 na 440, kwa hiyo bendi nzima ya Kanda ya 1 imo ndani yake, na mtu wa Marekani anayetumia jozi ya masafa ya 442 na 447, moja la kurusha na jingine la kusikiliza, atatafuta H2, ambayo ni 440 hadi 480. Itakubidi bado uupange upya mlango wa kipokezi kwa programu ya urekebishaji ya kampuni, na kikuza nguvu nacho lazima kifae kwa masafa hayo, lakini hutagundua mlimani kwamba umenunua kiziwi.

Ya pili ni Motorola Quantar. Wengi wangeiweka ya kwanza, nami naelewa sababu, kwa kuwa huu ni mtambo uliojengwa kurusha mfululizo usiku na mchana, wati 110 katika UHF (huku kwetu, bendi ya 430) na 125 katika VHF (bendi ya 144), na ukipata wenye programu inayofaa utakupa P25, mfumo wa sauti ya kidijitali, pamoja na analogi. Ila vipande vyake vya masafa, vinavyoitwa R1, R2 na kuendelea, vinahitaji macho. Katika UHF, R1 ni MHz 403 hadi 433 na R2 ni 438 hadi 470, na kati ya 433 na 438 pana pengo. Chukua Ujerumani, ambako ripita za sentimita 70 (bendi ya 430 hadi 440) hurusha karibu na 438.65 na kusikiliza 431.05, tofauti ya MHz 7.6. Quantar ambayo moduli zake zote ni R2 itarusha vizuri kabisa pale, huku kipokezi chake kikidaiwa kusikia karibu MHz 7 chini ya mpaka wake. Hilo ni kosa langu lile lile, kwenye mtambo wa heshima zaidi. Kila moduli ya Quantar huchomolewa peke yake, na wanaozivunja na kuziunganisha upya kwa ajili ya kuuza hawajali R1 ilikaa wapi, kwa hiyo namba iliyo kwenye fremu haitoshi. Soma kibandiko cha moduli ya kipokezi yenyewe. Katika VHF mambo ni mepesi: R1 ni 132 hadi 154 na inatufaa, R2 huanzia 150 na haitufai. Programu ya kuipanga ni ya zamani, hivyo kompyuta ya zamani usiitupe.

Kenwood TKR-750 ya VHF na TKR-850 ya UHF ni nyepesi, hupangwa kwa urahisi, na hutoa wati 25 mfululizo. Wati 50 ni kwa nusu ya muda tu, jambo ambalo matangazo ya wauzaji hulisahau. Aina ya kwanza ya TKR-750 huanzia MHz 146, yaani pale pale bendi ya Kanda ya 1 inapoishia. Aina ya pili, 136 hadi 150, ndiyo yetu.

GE MASTR II ningeipandisha juu zaidi kama ingekuwa miaka ya nyuma. Kipokezi chake kina vichujio vya helikali (vyenye koili ndani) unavyovipanga kwa bisibisi na subira, na mafundi wengi wameziteremsha za 450 hadi 470 zikasikia vizuri katika 440. Tatizo ni kwamba kila masafa yanataka kristali yake, kipande cha kwazi kinachoyaweka, na International Crystal Manufacturing ya Oklahoma City, iliyowahudumia wengi wetu, ilifunga kazi mwaka 2017. Nunua tu ikiwa tayari unajua nani atakukatia kristali.

Redio mbili za gari zilizounganishwa, kama vile jozi ya Motorola GM300, ndiyo njia ya bei nafuu. Punguza nguvu hadi nusu na uweke feni. Katika namba ya modeli, tarakimu ya pili baada ya M ikiwa 3 ni VHF, ikiwa 4 ni UHF, lakini hiyo haikuonyeshi kipande cha masafa.

Dupleksa nayo ina kasoro ya aina hiyo hiyo. Zile ndogo zinazofungwa ndani ya ripita za VHF zilitengenezwa kwa tofauti ya MHz kadhaa kati ya kurusha na kusikiliza, na sisi katika mita 2 (bendi ya 144) tunatumia kilohezi 600. Kwa tofauti hiyo hakuna njia ya mkato: unahitaji mitungi mikubwa ya kuchuja mawimbi.

Kinachoniudhi ni kwamba taarifa yote niliyoieleza imebandikwa kwenye chuma na muuzaji anaweza kuipiga picha kwa nusu dakika, lakini wengi hupiga picha ya uso wa mbele, taa ya kijani ikiwaka, na kuandika kwamba mtambo umejaribiwa. Nimeomba picha ya kibandiko nikajibiwa kwamba kasha haliwezi kufunguliwa, kisha mtambo ukafika bila moduli moja, ishara ya wazi kwamba lilifunguliwa. Wengine huondoa kebo ya umeme na plagi za nyuma na kuziuza peke yake. Asiyetaka kukuonyesha kibandiko cha kipokezi mwache na mtambo wake.

Ukikutana na muuzaji ana kwa ana, beba jenereta ya mawimbi na umwombe umeme wa dakika 10. Ingiza mawimbi ya masafa utakayosikiliza wewe, wala si yale yaliyopangwa na mwenye mtambo wa awali, na upime ni mikrovolti ngapi zinazofungua kipokezi. Yakihitajika masafa mapya kwanza, yapange bila kubonyeza kitufe cha kurusha, kwa maana masafa ya zamani yaliyomo bado ni ya mwenye leseni yake. Kisha teremsha mawimbi ya jenereta hadi sauti ipotee, na uandike namba hiyo kabla hujazungumza juu ya malipo.