Sailensa ya Passo, IST, GX110 na Forester: uzoefu wangu hapa Mbeya

Niseme mapema: gari la silinda tatu likitetemeka kwenye sailensa, yaani injini inawaka, gari limesimama na hujakanyaga mafuta, mara nyingi si bovu. Ndivyo lilivyoundwa. Nina Passo ya 2006, ile KGC10 yenye injini ya 1KR-FE ya cc 996, na nimechoka kuambiwa na kila anayepanda kwamba niliuziwa mkweche. Mama mkwe alipopanda mara ya kwanza tukitokea Uyole, tulivyokwama Mafiati akashika mlango na kuniuliza, "Baba Neema, hii gari yako ina homa?" Nikamjibu, "Hapana mama, ni injini yake ndogo." Yeye jibu lilimtosha. Wewe unayetaka kutoa hela yako halikutoshi, kwa hiyo nitaeleza magari niliyoyaendesha mwenyewe, mengine ya ndugu, mengine ya kazini.

Kwa Mbeya sailensa si jambo la kupuuza. Barabara kuu ya Tunduma inapita katikati ya jiji, malori ya Zambia na Kongo yamo humo humo na bajaji na daladala, na tangu waanze kujenga njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, muda wa kukaa umekanyaga breki gia ikiwa D umezidi. Gari unaloliona tamu ukiwa spidi 80 kule Igawa unaweza kulichukia ukifika Kabwe.

Passo yangu haina hata mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika), nasoma kwa kile kidude cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani na kutuma namba kwenye simu. Injini ikishapata moto inakaa kwenye 700 hivi. Hapo ndipo hesabu inapoanza. Injini hizi ni za mipigo minne, maana yake kila silinda inalipua mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Kwa rpm 700, silinda tatu zinakupa milipuko 17 na nusu kwa sekunde. Silinda nne zinakupa 23 na ushee, silinda sita 35. Kati ya mlipuko na mlipuko krenki inapungua kasi kidogo, kisha inasukumwa tena. Pengo likiwa refu, msukumo unausikia mmoja mmoja. Juu ya hilo, pistoni za silinda tatu hazipandi na kushuka kwa jozi, kwa hiyo injini inabaki inajipinda mbele na nyuma, upande mmoja ukiinuka mwingine unashuka. Nguvu za juu na chini zinafutana vizuri, ila huko kujipinda kunabaki.

Kwa vitendo: ukiwa D kwenye foleni, kioo cha ndani kinacheza kiasi kwamba namba ya gari la nyuma huisomi. Usukani unawasha viganja. Ukitoa D ukaweka N, karibu yote yanapotea. Ukikanyaga mafuta ikapita 1,000, inatulia, na barabarani sina la kulalamika, hata kupanda kwenda Chunya inajikaza kwa kelele zake lakini inafika. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, inawaka na rpm ya juu, na cha ajabu dakika hizo za kwanza ndizo inapotulia kuliko siku nzima. Si ajabu sana ukishajua hesabu ile ya milipuko.

IST ya dada yangu iko Iringa. Ni ya injini ya 2NZ, cc 1298, silinda nne. Hizi pistoni mbili zinapanda mbili zinashuka, kwa hiyo kujipinda hakuna. Kinachobaki ni mtetemo mdogo wa haraka, mara mbili kwa kila mzunguko wa krenki, kwa sababu pistoni haiendi kwa kasi ileile ikiwa nusu ya juu na nusu ya chini. Mtetemo huo unakua kadiri rpm inavyopanda, kwenye sailensa huusikii kabisa. IST nzima inapaswa kutulia ukiwa kwenye taa, AC ikiingia inashtuka kidogo na kurudi.

Ya dada haikuwa hivyo. Ilikuwa inatetemeka kuliko Passo yangu, na hapo ndipo nilipoanza kupenda haya mambo. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Hakuna kitu. Akaosha trotoo, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, ikapata nafuu ya wiki kisha vilevile. Mimi nikamwambia, "Dada, weka D ukanyage breki, halafu weka N." Kwenye N ikatulia kimya. Nikafungua boneti, nikamwambia akanyage breki atie D, kisha R, mimi nikiangalia pembeni: injini inaruka na kukaa. Maunting ya kulia, kile kishikizo cha raba kinachoibeba injini kwenye bodi, raba yake ilikuwa imechanika, chuma kinagusa chuma. Injini yenyewe haikuwa na tatizo lolote, ila kila kitu ilichokuwa inafanya kilikuwa kinaingia moja kwa moja kwenye bodi.

Hapa sikiliza vizuri kama una gari dogo. Alinunua maunting mpya ya bei rahisi, iking'aa kwenye boksi lake. Raba ngumu kama soli. Mtetemo ukapungua D, ukazaliwa mwingine wa kuvuma ukiwa N, ambao haukuwepo. Tukaitoa, tukafunga ya mtumba kutoka Japani, imefubaa, na IST ikarudi kuwa IST. Raba laini yenye umri inaweza kushinda raba mpya mbovu, kwa sababu kazi ya maunting si kushika injini tu, ni kuiacha icheze bila kukuambia.

Sasa GX110. Shemeji yangu anayo Mark II ya 1G-FE, lita 2, silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Nilikaa nayo alipokuwa safarini, nikaifanyia jaribio la sarafu: shilingi 500 imesimama kwa ukingo juu ya kava la injini, gari linaunguruma. Ilisimama. Kwenye IST ilisimama mpaka feni ilipowaka. Kwenye Passo sikuthubutu hata kutoa mkono. Nguvu za silinda sita za mstari zinafutana zote, za kupanda, za kushuka, za kujipinda, hakuna kinachobaki cha maana. Kuna asubuhi nilishika ufunguo nikataka kuwasha, kumbe linawaka.

Ila utulivu huo una hila yake. Silinda tatu zikikosa plagi moja umepoteza theluthi ya injini, gari linakuambia hapo hapo na utalipeleka gereji kwa aibu. Silinda sita zikikosa moja umepoteza sehemu moja ya sita. Shemeji alikuwa anatembea na silinda moja inayomisi, yaani hailipui ipasavyo, kwa kuibia, na alichogundua ni kwamba mafuta yanaisha. Ukichungulia kwa nyuma, eksozi ilikuwa inakohoa pole pole. Anayenunua GX aweke kiganja mbele ya bomba la eksozi, asitegemee anachokisikia akiwa kwenye siti. Na mafuta, hata likiwa zima, si la mtu wa mshahara wangu.

Forester ya EJ20 niliiendesha Njombe, ya rafiki. Boksa: pistoni zimelala, zinapigana ngumi kushoto na kulia kwa pamoja. Kwenye sailensa ni tulivu kuliko IST, ila ina mdundo wa chini unaousikia kwenye kitako, si kwenye mkono. Niliupenda. Sikupenda kumwona fundi akitafuta plagi zilizojificha pembeni mwa injini huku akihesabu ufundi wake upya.

Kazini tuna Land Cruiser Hardtop ya injini ya 1HZ, dizeli ya cc 4164. Watu husema dizeli ndiyo inatetemesha, na ni kweli mgandamizo wake wa hewa ndani ya silinda ni mkubwa, zaidi ya 22 kwa 1 wakati petroli nyingi za kawaida ziko karibu na 10 kwa 1. Lakini hii nayo ni silinda sita za mstari. Kelele ni nyingi, mtetemo ni mchache kuliko pikapu yetu ya zamani ya dizeli ya silinda nne, ambayo ukiizima inajitingisha mwili mzima kabla ya kukubali.

Kwa foleni peke yake ningechukua GX110, kisha Forester, kisha IST, Passo mwisho. Kwa maisha yangu nimebaki na Passo. Nimebadilisha maunting zake na ile raba ya chini inayozuia injini isijitikise, na kioo bado kinacheza, kidogo kuliko zamani. Nikisimama muda mrefu naweka N.

Ukienda kukagua gari lolote kati ya haya, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto, kunywa chai kwa mama ntilie, rudi ipoe, ndipo uwashe mwenyewe, uone linavyowaka likiwa baridi na linavyotulia likishapata moto.