Mapitio ya Albamu: Cowboy Carter kwa Masikio ya Marika Matatu

Tangu Beyoncé alipotoa Cowboy Carter tarehe 29 Machi 2024, mjadala mkubwa umekuwa kama albamu hii ni kantri halali, yaani ule muziki wa mashambani wa Marekani, au la, na hata ushindi wake wa Albamu ya Mwaka na Albamu Bora ya Kantri katika tuzo za Grammy, Februari 2025, haukuumaliza. Mimi nina swali jingine. Katika nyumba kama yetu hapa Kenya, ambako babu amezeeka na sauti ya Jim Reeves, mama hamweki mwimbaji yeyote mbele ya Dolly Parton, na vijana wameijua kantri kupitia kwa Lil Nas X na Shaboozey, je, albamu hii yaweza kupigwa sebuleni wote wakiwa wameketi? Kwa maoni yangu yaweza, ila si kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Wazee wetu waliupendea muziki huu maneno yake. Jim Reeves na Don Williams waliimba bila haraka, ala zikawapisha, na hata msikilizaji ambaye Kiingereza kilimpa taabu aliweza kuifuata hadithi. Kwa kipimo hicho, "16 Carriages" ni wimbo uliokamilika: unasimulia habari ya msichana aliyeondoka kwao akiwa na umri wa miaka 15 kwenda kutafuta maisha, huku Robert Randolph akililiza lile gitaa la kulazwa ambalo nyuzi zake hutelezeshewa kipande cha chuma. "Protector" nao, wimbo wa mama kwa mtoto wake, hauhitaji kutetewa mbele ya mzee yeyote.

Penye ubishi ni "Jolene". Dolly alipouimba mwaka 1973, mke alimsihi mwanamke mrembo kuliko yeye asimchukulie mume. Hakuwa na silaha yoyote ila ombi lake. Beyoncé ameyabadilisha maneno, na mke sasa haombi, bali anaonya. Binti wa miaka 20 husikia heshima hapo, kwa kuwa haoni sababu ya mke kumpigia magoti mwanamke mwingine, ilhali mama yake husikia wimbo ulionyang'anywa uchungu wake. Namwelewa binti, lakini nasimama na mama: hofu ya yule mke wa wimbo wa Dolly ndiyo iliyoufanya wimbo uishi miaka 50, na kitisho, hata kikiimbwa vizuri namna gani, humwachia msikilizaji nafasi ndogo ya kumhurumia mtu. Hata hivyo, Dolly mwenyewe anasikika kabla ya wimbo akiutambulisha, na baraka hiyo si jambo dogo.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni sauti ya Linda Martell. Alizaliwa mwaka 1941, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuimba peke yake katika jukwaa la Grand Ole Opry, onyesho maarufu la kantri huko Marekani, mwaka 1969, akatoa albamu moja tu ya kantri mwaka uliofuata, kisha tasnia ikamsahau. Hapa anazungumza mwanzoni mwa "Spaghettii", wimbo wa kufokafoka, akihoji mipaka ya aina za muziki. Kwa hiyo kijana anayeufuata mdundo anakutana na bibi wa rika la babu yake, na babu aliyezoea majina yaleyale ya redioni anapata jina ambalo hakupewa nafasi ya kulijua. Banjo inayofungua "Texas Hold 'Em", ikipigwa na Rhiannon Giddens, inaipeleka habari hiyo mbali zaidi, kwa maana ala hiyo ilitokana na zile za Waafrika waliopelekwa Amerika utumwani.

Kasoro yake ni urefu. Vipande 27, vingine vikiwa vifupi mno, vinakatiza usikivu, na kuanzia "Ya Ya" albamu inaelekea kwenye dansi, mahali ambapo mpenzi wa Don Williams hana cha kufuata. Vijana watasema hapo ndipo inapochangamka, nami sitawabishia.

Anayetaka kuisikiliza pamoja na wazee aanze na "16 Carriages", "Protector" na "II Most Wanted", ambao Beyoncé ameuimba na Miley Cyrus, kisha "Texas Hold 'Em". "Jolene" aupige baada ya ule wa Dolly, na awape watu muda wa kubishana kabla ya kuendelea.