TAHADHARI wenye gari Pemba, kuna "fundi wa taimingi" anazunguka

Asalaam alaykum wenye gari na mahonda. Kuna kijana yuko Chake na Wete siku hizi, anasema kasomea Dubai, anaseti taimingi (yaani wakati wa plagi kutoa cheche) na mafuta gari ikanywa nusu ya inavyokunywa sasa. Anakaa karibu na vituo vya mafuta, akikuona umeshalipa unaangalia chenji na uso umekukunjana hapo ndo anakuvaa. Sura yake sielezi, mana akiondoka huyu watakuja wengine, bora mujue kazi yenyewe inavyofanywa.

Ana kidude cha kuchomeka chini ya usukani, pale fundi anapochomeka mashine ya kusomea injini, elfu 60. Eti kinaisomesha kompyuta ya gari namna unavyoendesha, ila mpaka ukimbie kilomita 150 ndo kianze kazi. Kwa kisiwa chetu hichi hizo kilomita ukizimaliza yeye keshapanda boti zamani. Shemeji yangu kauziwa kimoja akaniletea gereji nkakikwanyua kwa kisu, ndani mna kibao cha umeme, kitufe, vitaa na chip moja ya kuviwasha viwe vinakonyeza, basi. Kifaa cha kuongea na kompyuta ya gari hamna. Kule Marekani idara yao ya mazingira EPA ilishapima vifaa zaidi ya 100 vya kujidai kupunguza mafuta, karibu vyote havikufanya lolote na vichache vilivyosaidia vilisaidia kidogo mno.

Sasa hiyo taimingi. Ukiwa na IST, Vitz au nyingi za hizi Toyota za VVT-i zinazokwenda kwa kompyuta, distributa (kile kigawa cheche cha kuzungusha) hamna, kila plagi ina koili yake juu na cheche inatoka pale kompyuta inapotaka, skrubu ya kuzungusha iko wapi?? Anachofanya anafungua boneti, anachomoa tamino ya betri, anapigapiga stori kisha anairejesha na kukanyaga resi. Kompyuta imesahau ilichojifunza kwahiyo sailensa inalia tofauti kidogo, we unaona kazi imefanyika, toa elfu 80.

Gari za zamani ndo balaa zaidi, mana zile distributa inazunguka kweli. Anaivuta mbele kwa sikio tu mpaka mlio uwe mwepesi na kwenye kabureta anaeka jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo. Njia tambarare utamshukuru, gari inaruka. Jaza abiria uvipande vilima vya njia ya Mkoani utasikia kokoto zinacheza ndani ya injini, cheche imewahi mno moto unaikuta pistoni bado inapanda, na mafuta yamebanwa kwahiyo joto nalo linazidi. Mzee mmoja wa gari ya abiria kaniletea yake gasketi ya hedi imekwenda na pistoni moja imeliwa pembeni kama panya kaitafuna. Wenye vespa za kuchanganya oili musimsogelee kabisa, jeti ikiwa ndogo na oili inapungua, pistoni inakamata ukiwa kwenye mwendo.

Anaejua kazi anaseti kwa taa ya taimingi anaangalia alama kwenye puli. 4A-FE kwa mfano, injini ya Corolla za zamani, ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, tena anaunga TE1 na E1 kwanza, matundu ya kile kisanduku cha kupimia ndani ya boneti. Muulizeni hiyo TE1 iko wapi muone atakavyobabaika.

Na ile testi yake musiikubali. Munajaza tangi anasisitiza mafuta yafike mdomoni kabisa, munazunguka, munarudi kujaza, safari hii pampu ikikata tu mara ya kwanza anasema tosha. Lazima yaonekane yametumika kidogo! Anaetaka kupima ajaze pampu ile ile, gari isimame pale pale, aache ikikata mara ya kwanza zote mbili, na atembee tangi zima sio kwenda sokoni na kurudi.

Mafuta yakikwisha haraka angalieni upepo wa matairi, plagi, eakilina, breki zinazokamata. Na tamostati jamani, kile kidude cha kuzuia maji yasende rejeta mpaka injini ipate moto, mafundi wenzangu wengi wanaitoa eti huku joto haina kazi, sasa injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani gari ndo kwanza imewashwa inazidi kumwaga petroli. Nnaziona hizi kila mara, mtu analalamikia taimingi kumbe tamostati haimo, akiirejesha gari inatulia.

Kidude cha shemeji nimekiweka mezani gereji kimefunguliwa hivo hivo. Alouziwa na yeye aje na chake tukifungue, na kama yule kijana bado hajaondoka twendeni tukadai pesa pamoja, mmoja mmoja anatupiga chenga.