Hita ya propeni ya hewa ya mgodi: moto safi, ufungaji wa ovyo

Nianze na hukumu: hita hii, inayochoma propeni moja kwa moja ndani ya hewa inayoingia mgodini, ni mashine nzuri. Nimeiendesha kwenye baridi ya kweli, usiku na mchana, na kichomeo hakijanigomea. Kilichonikera ni namna mafundi wa muuzaji walivyoifunga, pamoja na makadirio ya vifaa waliyotuletea.

Nje ni nyuzi 30 chini ya sifuri. Feni inasukuma mita za ujazo 100 kila sekunde kwenda shaftini, yaani shimo la wima la kushukia mgodini, na hewa hiyo inatakiwa iingie ikiwa nyuzi 2 hivi juu ya sifuri. Aliye chini bado atavaa koti. Starehe yake siyo hoja hapa. Tunachokimbia ni barafu. Maji yanayochuruzika kwenye kuta za shafti yakiganda yanajenga mabonge, na bonge likikatika huko juu linakutana na keji, lifti ya kubebea watu na mizigo, njiani. Mabomba ya maji nayo yanapasuka.

Kupandisha hewa nyingi kiasi hicho kwa nyuzi 32 kunakula megawati 4 hivi, yaani karibu lita 600 za propeni kila saa. Ndiyo, kila saa. Kinachonifurahisha ni kwamba joto karibu lote linabaki kwenye hewa, maana hakuna dohani ya kulitoa nje. Pia moto unashuka vizuri. Baridi ikipungua hadi nyuzi 1 chini ya sifuri, kichomeo kinapunguza mwali bila kuzimika na kuwaka kila mara, jambo ambalo hita yetu ya zamani haikuliweza.

Bila dohani, moshi nao unakwenda chini na hewa. Kwa mwako mzuri, hita inaongeza kaboni dioksidi kama sehemu 1,300 kwa milioni, wakati kikomo kinachotumika nchi nyingi kwa zamu ya saa nane ni 5,000. Mimi naogopa zaidi monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayotokea hewa ikipita kwenye mwali kwa kasi isiyofaa. Bila kipimo chake shaftini, kinachozima gesi chenyewe, msiiwashe. Wengine huhofia mvuke wa maji unaotokana na mwako, kwamba utaganda humo humo. Nimepiga hesabu: hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri ni kavu mno, na hata baada ya kuongezewa mvuke huo na kupashwa hadi nyuzi 2, unyevu wake haufiki nusu ya kile inachoweza kubeba. Barafu ya shafti inatokana na maji ya kwenye mwamba.

Sasa ufungaji. Waliweka sensa (kipima joto) moja, juu kabisa ndani ya mfereji wa kupitishia hewa, hatua chache tu baada ya moto. Hewa ya moto hupanda, ya baridi hutambaa sakafuni, kwa hiyo kioo cha chumba cha kuendeshea kilisoma nyuzi 3 juu ya sifuri huku chini ya mfereji maji yakiganda. Sensa inadanganywa, kichomeo kinapunguza moto, shafti inaota barafu. Muuzaji akashauri tununue kichomeo kikubwa zaidi! Tulichofanya ni kufunga vibao vya kuichanganya hewa, kusambaza sensa juu, katikati na chini, na kuweka nyingine ndani ya shafti yenyewe. Moto ule ule ukatosha.

Makadirio nayo hayakuwa na kivukizo, kifaa cha kugeuza propeni ya kimiminika kuwa mvuke. Propeni huchemka nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo kwenye baridi yetu tangi lina gesi ya kimiminika tele lakini mvuke wake ni dhaifu, na hita yenye njaa ya lita 600 kwa saa haiwezi kuungojea. Halafu walitaka tangi likae jirani na mdomo wa shafti ili wapunguze bomba. Propeni ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Ikivuja inatafuta shimo, na sisi ndio tuko shimoni. Tulikataa.

Kabla ya kununua, tazameni kwanza hewa yenyewe. Punguza hewa kwa asilimia 20 kwenye saa ambazo mashine za dizeli zimelala na moshi wa baruti umeshatoka: joto linalohitajika linapungua asilimia 20, na umeme wa feni unashuka hadi karibu nusu kama feni ina kidhibiti mwendo. Ila usishuke chini ya kiwango ambacho kanuni zinadai kwa watu na injini zilizopo. Mgodi wa Creighton, Sudbury, Kanada, una bahati yake: hewa inapita kwenye mawe yaliyovunjika ya machimbo ya zamani, yanayotunza joto la kiangazi na kulitoa wakati wa baridi. Sisi wengine tunachoma gesi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata siku watakayoiuza pamoja na kivukizo, na fundi anayejua kwamba mfereji una juu na chini.