Betri Mpya ya Drili: Ipime kwa Mkono Kabla ya Kusoma Stika

Habari zenu, karibuni. Mezani leo kuna betri tatu za drili, zote za volti 18, na zote zinaingia kwenye drili hii moja bila kulazimishwa. Hii ndogo ni ya kampuni iliyotengeneza drili yenyewe, imeandikwa 2.0 Ah, yaani ampea-saa, kile kiasi cha umeme kinachokaa ndani. Hii nene ni ya kampuni hiyo hiyo, 5.0 Ah. Na hii ya tatu, ambayo jina lake sitalitaja, ni ya mtengenezaji mwingine kabisa: imeandikwa 6.0 Ah kwa herufi kubwa za dhahabu, na ndiyo rahisi kuliko zote. Ukisoma maandishi peke yake, unaichukua hii ya tatu na kwenda zako.

Lakini hebu ishike. Kisha shika ya 5.0. Umeona? Ile ya 5.0 inavuta mkono chini, ni zaidi ya nusu kilo. Hii inayojiita 6.0 ni nyepesi kama ile ndogo ya 2.0. Hapo lazima ujiulize hizo ampea-saa zimefichwa wapi.

Nimeshafungua skrubu zake, kwa hiyo twende ndani. Angalia: seli tano, basi. Seli za namna hii huitwa 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Kila moja ni volti 3.6, na tano zikiunganishwa kwa mfuatano unapata 18. Ila kwenye mfuatano zinazojumlishwa ni volti tu. Zile ampea-saa hubaki zile za seli moja. Kwa hiyo ili pakiti hii iwe 6.0 kweli, kila seli humu ingepaswa kubeba 6.0. Na 18650 ya kubeba hivyo haipo. Zilizo bora kabisa hufika kama 3.5, na hizo mara nyingi ni za kutoa umeme polepole, zinafaa tochi au kompyuta ya mapajani. Zile zinazostahimili kunyonywa kwa nguvu na drili huwa kati ya 2.0 na 3.0. Stika imedanganya, na hata mita ya kupimia volti sijaitoa mfukoni.

Pakiti ya 5.0 ya kweli ina seli kumi: tano kwa mfuatano, na kila moja ina mwenzake ubavuni, sambamba, ambapo ampea-saa za wawili hao ndizo zinazojumlishwa. Uzito wote ule unatoka huko. Seli moja ya 18650 ina gramu 45 hadi 50 hivi, zidisha mwenyewe kabla ya kulipa. Nikiwa dukani, mimi nabeba betri mkononi kwanza, maandishi nayasoma baadaye.

Kuna seli nyingine nene zaidi, 21700, ambazo moja hubeba 4.0 au zaidi kidogo. Kwa hizo, pakiti ya seli tano inaweza kuwa 4.0 halali kabisa, na utaijua kwa unene wa gamba lake. Kwa hiyo sisemi kila pakiti ya seli tano ni ya 2.0. Nasema namba iendane na kilichomo.

Sasa tuipige kazi. Biti pana, mbao ngumu. Hii ya 5.0... sikiliza mlio, hautetereki. Naweka ya tatu. Umesikia mota ilivyozubaa? Betri imejaa, nimeichaji sasa hivi. Drili ikilemewa huvuta makumi ya ampea kwa mkupuo. Kwenye pakiti ya seli kumi mzigo huo unagawanywa kwa jozi, kila seli inabeba nusu. Kwenye seli tano dhaifu, kila moja inabebeshwa wote, volti inaporomoka, seli zinapata joto. Gusa hapa... tayari vuguvugu, na ni shimo moja tu.

Kitu kilichonikera zaidi ni hiki. Naileta karibu na kamera. Kwenye ile ya kampuni kuna bodi ya ulinzi, na nyaya nyembamba zinakwenda kwenye kila makutano ya seli, ili bodi ijue hali ya kila moja. Kwenye hii ya tatu kuna bodi, kuna taa nne nzuri za kuonyesha chaji, lakini nyaya zinazogusa seli ni mbili tu, mwanzo na mwisho. Bodi inaona jumla peke yake. Seli ya lithiamu inapaswa kuishia volti 4.2 ikijaa. Jumla ya zote tano inaweza kusoma volti 21 sawasawa huku seli moja iko chini na nyingine imepitiliza, na iliyopitiliza ndiyo inayoweza kuwaka moto. Betri ya namna hii usiiache kwenye chaja ukaenda kulala. Kwa kweli usiinunue kabisa.

Hapo hapo niseme kuhusu adapta, zile za plastiki za kuvalisha betri ya kampuni moja kwenye drili ya nyingine. Kuna mifumo ambayo betri haijikati yenyewe ikiisha; inaitegemea drili iikate. Ukiweka adapta katikati, mawasiliano hayo ya betri na drili hayapo tena, na unaendelea kutoboa mpaka seli zinashuka chini ya volti 2.5 na kuharibika. Mimi sizitumii.

Volti 18 na 20 zinawachanganya wengi. DeWalt, kwa mfano, Marekani huandika 20V Max, na Ulaya pakiti za mfumo huo huo huandikwa 18V. Seli tano zikitoka kwenye chaja husoma kama 21, zikifanya kazi wastani wake ni 18. Vivyo hivyo 12V Max na 10.8V: seli tatu zile zile.

Ila volti kulingana hakumaanishi betri itaingia. Makita wana mifumo miwili, 18V za LXT na 18V za G, haziingiliani. Bosch za buluu na za kijani, zote 18, kila moja na njia yake. Soma namba ya modeli kwenye tumbo la drili na kwenye betri ya zamani, usitegemee rangi wala sura.

Basi uchukue ipi? Kama unafunga bawaba na kutundika rafu, ile ndogo ya 2.0 ya kampuni inatosha, na mkono wako utaishukuru ukitoboa dari. Kwa fundi wa kila siku, mbili za 4.0 ni bora kuliko moja kubwa: moja kwenye chaja, moja kazini. Hata za kampuni nyingine zipo nzuri, ilimradi muuzaji aseme seli ni za nani na uzito ukubaliane na namba. Iliyokaa rafuni miaka nayo iache. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, kisha pima kwa mita. Pakiti mpya ya seli tano ikisoma chini ya volti 15, irudishe.

Wenye drili za zamani za volti 18 zenye betri za nikeli-kadimiamu, hizo zina seli 15 za volti 1.2 kila moja. Usiweke lithiamu ndani ya gamba lile ukaendelea na chaja ile ile, ni hatari. Umoja wa Ulaya ulikwisha kupiga marufuku betri za nikeli-kadimiamu kwenye vifaa vya ufundi tangu mwisho wa 2016, na mbadala zilizobaki rafuni nyingi zimezeeka. Kabla ya kuhangaika, uliza bei ya drili mpya ya lithiamu inayouzwa pamoja na betri mbili na chaja. Mara nyingi tofauti ni ndogo kuliko ulivyodhani, na ile ya zamani unaipeleka kwa wanaokusanya betri, maana kadimiamu ni sumu, haitupwi jalalani.